Arusi zetu: watu wanywe nini, na apige nani?

Posa ikishapokewa, mahari ikishatajwa na siku ikishawekwa, watu hudhani kuwa kazi kubwa imekwisha na yaliyobaki ni madogo madogo. Mwenye kuozesha anajua kuwa sivyo. Nimewaona wazee wakipatana juu ya mahari kwa nusu saa, kisha wakakaa wiki mbili hawasemezani kwa sababu ya soda na muziki. Mama wa biarusi ataka bendi. Baba asema katika nyumba yake hakipigwi kinanda. Ndugu walioko Nairobi waleta habari za dijei. Shangazi auliza ni nani atakayefanya sharubati. Na biarusi mwenyewe, ambaye hapana aliyemwuliza, amekwisha kuchagua rangi ya kinywaji ifanane na rangi ya maua.

Asiyejua mambo yetu ya pwani aweza kucheka. Mimi sicheki, kwani vitu hivi viwili ndivyo vinavyomfikia kila mtu. Si kila aliyealikwa atakayeyajua mambo ya mahari, wala si kila mtu atakayeisikia khutba ya nikaha. Lakini kila mgeni atapewa cha kunywa, na sauti ya ngoma itamfikia hata asiyealikwa, hata mgonjwa aliye kitandani nyumba ya tatu. Kinywaji ndiyo salamu ya mwenye arusi kwa mgeni wake, na ngoma ndiyo salamu yake kwa mtaa mzima. Maoni yangu ni kwamba salamu hizi tumeanza kuzipeleka kusiko. Kinywaji tunakichagua kwa ajili ya picha na muziki tunauchagua kwa ajili ya mashindano, ilhali vyote viwili ni haki ya mgeni na jirani.

Wala mtu asiseme kuwa haya ni mambo ya kidunia yasiyokuwa na asili katika dini. Aliyesoma chuoni akafika kwenye hadithi za nikaha atakumbuka kisa cha Swahaba Abu Usaid As-Saidi, kilichopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Bwana huyu alipooa alimwalika Mtume wetu (Swalla Llahu alaihi wa sallam) katika walima wake, na aliyewatumikia wageni siku hiyo alikuwa ni biarusi mwenyewe. Bibi huyo alikuwa ameroweka tende ndani ya chombo tangu usiku, na Mtume alipokwisha kula akamnywesha maji yale. Basi hicho ndicho kinywaji cha arusi tunachokijua kutoka zama za Mtume: tende na maji, vilivyorowekwa na mkono wa mwenye nyumba kwa kumfikiri mgeni kabla hajafika.

Na kuhusu ngoma pia hatukuachwa gizani. Katika kitabu hicho hicho Bibi Rubayyi binti Muawwidh anaeleza kuwa asubuhi ya arusi yake Mtume aliingia akaketi, na vijana wa kike wakawa wanapiga dufu na kuwaimba wazee wao waliouawa katika vita vya Badri. Mmoja wao alipotia maneno ya kudai kuwa Mtume anayajua ya kesho, Mtume alimwambia aliache neno hilo na aendelee na aliyokuwa akiyaimba. Tazama, ndugu msomaji, namna alivyosahihisha: hakulivunja dufu wala hakuwatoa wasichana, bali aliliondoa neno lisilofaa na wimbo ukaendelea. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa magomvi yetu mengi.

KINYWAJI NA MAHALI PAKE

Wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi hawakuwa na kinywaji kimoja cha arusi. Kila shughuli ilikuwa na chake, na kila kimoja kilikuwa na sababu. Akdi ilikuwa na kahawa na halua. Kahawa hiyo ilipikwa ndani ya dele kwa tangawizi au iliki, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na haikutiwa sukari kwa kuwa utamu umo katika halua. Mtu alikunywa kikombe kimoja au viwili, akaomba dua, akampisha mwenziwe. Kwa dele chache na vikombe vilivyozunguka, msikiti mzima ulikirimiwa na hapana aliyeondoka akisema amesahauliwa.

Katika mambo ya wanawake, siku ya kutia hina na usiku wa kupamba, ilikuwa ni zamu ya sharubati: ya ukwaju, ya ndimu, ya embe au ya nanasi, kulingana na msimu. Walima nao, penye pilau au biriani, ulikuwa na maji ya kunywa na sharubati ya kitu kikali kidogo ili kuvunja mafuta. Anayejua kupika anajua kuwa ukwaju na ndimu havikuwekwa karibu na biriani kwa bahati. Na aliyefika kutoka safarini, au mzee asiyeweza baridi, alipewa chai ya viungo pembeni bila ya kuomba. Kwa ufupi, kinywaji kilichaguliwa kwa kumtazama mnywaji na wakati wake.

Leo tuingie katika ukumbi wowote tutazame. Mlangoni pamepangwa chupa za plastiki za maji zilizobandikwa majina ya maarusi. Mezani mna soda, mna maji ya matunda ya boksi ambayo tunda lenyewe ni geni ndani yake, na siku hizi mna na mikebe ya vinywaji vya kutia nguvu, vyenye kafeni nyingi, ambavyo watoto wanaviparamia mbele ya wazazi wao, ingawa madaktari wa watoto hawavitaki kabisa kwa mtoto. Kisha usiku unapokolea huletwa chupa yenye shingo refu iliyovikwa karatasi ya dhahabu, ikafunguliwa kwa kishindo mbele ya kamera, povu likamwagika, na bwana na bibi wakapitishana mikono wakinyweshana kwa bilauri za vikonyo.

Nimewauliza vijana kuhusu chupa hiyo na jawabu yao ni moja: haina pombe, imeandikwa hivyo. Nakubali. Mimi si kadhi wala mufti, na kisichokuwa na kileo siwezi kukiita kileo. Lakini nawauliza swali jengine: kwa nini tukitafute kinywaji cha halali kilichovishwa nguo za haramu, hali halali yetu ina nguo zake? Dele la shaba na kikombe cha kahawa havina uzuri wa kupigwa picha? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa karatasi ya Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwaonya Waislamu wa zama zake wasiyaige mambo ya Wazungu bila ya kuchagua lipi lenye manufaa na lipi lisilokuwa nayo. Ni miaka zaidi ya 90 sasa, na lile povu bado linatumwagikia nguoni.

Kuna na jambo zito zaidi kuliko hilo. Arusi nyingi zimehama kutoka majumbani na viwanjani zikaenda katika mahoteli na kumbi za kukodi, na baadhi ya mahali hapo mna baa ya kudumu. Familia ya Kiislamu hukodi ukumbi, wakapanga chakula cha halali na nyama ya kuaminika, kisha wafanyakazi wenzake bwana arusi, ambao si Waislamu, wakaenda kaunta wakanunua bia kwa pesa zao wakarudi nazo mezani. Hapana aliyekusudia ubaya, lakini aibu imekwisha ingia. Sura ya Al-Maida, katika aya ya 90 na 91, imekata shauri juu ya ulevi, na imepokewa hadithi inayomkataza muumini kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Dawa yake si kugombana usiku wa arusi. Dawa yake ni kumwambia mwenye ukumbi kabla ya kulipa arubuni kwamba kaunta ile ifungwe tangu saa fulani hadi saa fulani, na neno hilo liandikwe katika mkataba. Na wale marafiki wasiokuwa Waislamu waambiwe mapema kwa heshima. Kwa kawaida mtu akielezwa ada ya nyumba huifuata. Huteleza yule ambaye hakuelezwa.

SUKARI NA DENI

Wengine wataniambia kuwa soda ni rahisi: inaletwa kwa kreti, inafunguliwa, basi. Rahisi kwa nani? Chupa moja ya mililita 300 ya soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 30, yaani kama vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kuwa ni bora mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Chupa moja imekwisha pita hapo, na arusi zetu haziishii chupa moja. Tazama ni wazee wangapi katika kila ukoo wa pwani wanaotembea na dawa ya kisukari mfukoni, kisha ujiulize ni ukarimu gani huu wa kumwekea mgeni meza ambayo hana awezacho kunywa ila maji.

Ni kweli kuwa sharubati nayo ina sukari. Tofauti ni kwamba kijiko umekishika wewe. Ukiwajua wageni wako utafanya mitungi miwili ya sukari ya kawaida na mmoja wa sukari kidogo, na mzee hatahitaji kujieleza mbele ya watu.

Tupige hesabu kidogo. Arusi ya watu 300, kila mmoja akinywa bilauri mbili za mililita 200, inataka lita 120, nayo ni mitungi sita ya lita 20. Haiwashindi wanawake sita waliopatana. Ukwaju hurowekwa usiku katika maji yaliyochemshwa, asubuhi ukavurugwa, ukachujwa, ukatiwa sukari na iliki. Sharti ni moja, na hilo halina mzaha: maji yachemshwe yapoe, na barafu itokane na maji safi, kwani kipindupindu huingia kwa maji, na barafu ni maji.

Najua jawabu nitakayopewa na mama zetu na dada zetu, na ni jawabu ya haki. Watasema: wewe bwana waandika, lakini ni nani wa kuroweka huo ukwaju? Zamani majirani walikuwa wakijaa uani siku tatu kabla. Leo mwanamke yuko ofisini au dukani mpaka jioni, na jirani wa ghorofa ya juu hata jina hatumjui. Kweli tupu. Lakini tukumbuke kuwa soda nayo haitolewi bure. Pesa zile zile ziwezazo kununua kreti zaweza kumpa kazi mama wa mtaani anayejulikana kwa sharubati yake, aliye na watoto wa kusomesha. Mwanamke huyo yupo katika kila mtaa, kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo. Mwende mapema, mpe nusu ya pesa, mwambie idadi ya watu. Arusi yako itakuwa imemkirimu mgeni na jirani kwa riyali moja, kama walivyokuwa wakisema wazee.

Na afadhali hivyo kuliko deni. Mtume alipomwoa Bibi Swafiya wakati wa kurudi kutoka Khaibari, karamu yake ilikuwa tende, maziwa ya kugandishwa na samli, wala hapakuwa na nyama wala mkate. Kwa Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa mfanya biashara, amri ilikuwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Kila mtu kwa uwezo wake. Hadithi iliyo kali zaidi katika mlango huu inasema kuwa chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambao matajiri huitwa na masikini wakaachwa. Kadi zetu za arusi, zenye kuhesabiwa viti na kusimamiwa mlangoni na mabaunsa, zingefaa zisomwe pamoja na hadithi hiyo.

NGOMA YA NANI?

Sasa tuje kwenye muziki, ambako maneno ni mengi zaidi. Pwani yetu haikuwa na ukame wa ngoma za arusi. Kulikuwa na vugo, wanawake wakipita njiani wakigonga pembe kwa vijiti na kuimba. Kulikuwa na chakacha ya wanawake peke yao. Wanaume wa Lamu walikuwa na kirumbizi cha bakora. Kulikuwa na matari ya maulidi. Mombasa ilikuwa na lelemama, ambayo vyama vyake vya wanawake vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo mpaka mtaa ukagawanyika; Margaret Strobel aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa. Kwa hiyo nisije nikasingiziwa kuwa nadai zamani hapakuwa na mashindano. Yalikuwako. Lakini waliokuwa wakishindana ni watu wenyewe, kwa sauti zao na mashairi yao.

Kisha taarabu. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri kwa ajili ya baraza lake. Ikaimbwa kwa Kiarabu mpaka akina Siti binti Saad wakaipa Kiswahili na kuishusha kwa watu, na mwaka 1928 bibi huyo alikwenda Bombay kutiwa sauti katika santuri. Huku kwetu tukapata mafundi wetu: Juma Bhalo, Zein l'Abdin na udi wake, Matano Juma, Maulidi Juma, na Zuhura Swaleh aliyeitia taarabu mwendo wa chakacha. Mimi nilipokuwa mtoto wa chuoni, bendi ilipokuja mtaani ilipanga viti vyake mbele ya nyumba ya arusi, na maneno ya wimbo yalisikiwa na kila mtu, yakazungumzwa barazani asubuhi yake: fulani amesema nini, na neno lile lina maana gani ya pili.

Jambo hilo ndilo ninalolilia. Wimbo wa arusi ulikuwa na mwenyewe. Ami wa biarusi alimwendea mtunzi, akamtajia jina la binti, la baba yake na la bibi yake, na mtunzi akafunga beti za dua na sifa ambazo haziwezi kuimbwa katika arusi nyengine yoyote. Mimi mwenyewe nimezitunga mara nyingi kwa ujira wa sinia ya halua. Leo muziki ni ule ule kila ukumbi. Kinanda cha umeme, au kisanduku cha dijei, kimeondoa mpiga fidla, mpiga ngoma na mtunzi kwa pamoja, na wimbo uliopigwa jana Likoni utapigwa leo Kisauni bila ya kubadilishwa hata jina.

Tena ni nyimbo gani? Tangu miaka ya 1990, vikundi vya bara Tanzania kama TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana vijembe jukwaani, mipasho imekuwa ndiyo taarabu kwa vijana wengi. Mipasho ina ufundi wake na mahali pake, wala sikatai kuwa Mswahili amependa vijembe tangu zamani. Lakini arusi ni siku ya kuunganisha koo mbili. Itakuwaje wifi asimame amtunze mwimbaji noti mbele ya biarusi wakati wa ubeti wa kumtukana mke mwenza, na watu wote wageuze shingo kumtazama aliyekusudiwa? Nimeijua ndoa iliyoanza na kinyongo usiku wa kwanza kwa sababu ya ubeti mmoja. Turudi kwa kile kisa cha Bibi Rubayyi: neno lisilofaa liondolewe, na wimbo uendelee. Mwenye arusi ana haki ya kumpa dijei au bendi orodha ya nyimbo, na ana haki ya kusema hizi zisipigwe nyumbani kwangu.

MASHEIKHE NA VIJANA

Kwa upande mwengine wako masheikhe wetu wanaosema kuwa hapana ila dufu, na wengine hata dufu huliona zito. Haifai kuwadharau. Wanachuoni wengi wa madhehebu manne, nayo ya Imam Shafi tunayoyafuata hapa pwani yamo, wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza. Ni kweli vilevile kuwa Ibn Hazm wa Andalusi aliona vyengine, na kwamba Imam Ghazali katika Ihyaa aliyazungumza masuala ya kusikiliza nyimbo kwa masharti mengi. Hata matari ya maulidi aliyoyaendeleza Habib Swaleh katika msikiti wa Riyadha kule Lamu yalipata wapinzani wake. Si kazi ya mwandishi wa gazeti kutoa fatwa juu ya jambo ambalo wakubwa wamehitilafiana. Kazi yangu ni kusema kwamba arusi zetu zina siku nyingi, na siku nyingi zina nafasi ya watu wengi. Akdi na maulidi ziwe na matari na kasida, na ami aliye sheikh aketi mbele. Usiku wa wanawake uwe wa wanawake. Tunapokosea ni pale tunapolazimisha yote ukumbi mmoja, usiku mmoja, tukamtaka sheikh avumilie kinanda na kijana avumilie kasida, wote wawili wakaondoka wamekasirika.

Vijana nao husema: arusi ni yetu, zama ni zetu. Wana haki, na ni kosa kubwa kuwa biarusi huulizwa mwisho. Mwanangu akitaka wimbo wa siku hizi nitampa, maadamu maneno yake yaweza kusikiwa na bibi yake. Lakini naye ajue kuwa arusi si yake peke yake. Kama ingekuwa yake peke yake, mashahidi wawili na walii wangetosha, na hapana ambaye angehitaji kualikwa.

Kuna mambo mawili ya siku hizi ambayo wazee hawakuyajua na lazima sisi tuyawekee ada mpya. La kwanza ni simu. Usiku wa kupamba ulikuwa ni mahali pa sitara. Mwanamke alivua buibui mlangoni akakaa na wenzake kwa amani, akacheza chakacha yake, na hapana mwanamume aliyemwona. Leo simu mia mbili zimo ukumbini, na kabla ya alfajiri binti wa watu yumo katika WhatsApp za watu asiowajua. Tena dijei ni mwanamume, amefichwa nyuma ya pazia ambalo kila mtu anajua lina tundu. Matokeo yake ni kwamba wanawake wenye haya wanakaa na buibui zao mwanzo hadi mwisho, na wengine hawaji tena. Sasa kupamba huko ni kwa nani? Simu ziwekwe mlangoni kwa nambari, kama viatu msikitini. Mpiga picha awe mwanamke mmoja anayejulikana. Na apige mwanamke: matari, ngoma za chakacha, au hata hicho kisanduku, kwani binti zetu wanaoziweza kompyuta hawakosi.

La pili ni vipaza sauti. Ngoma ya mikono ilifika mwisho wa mtaa ikachoka; spika haichoki. Kanuni za serikali za mwaka 2009 juu ya kelele zinabana sauti zaidi usiku kuliko mchana katika mitaa wanayolala watu, lakini kabla ya kanuni hizo tulikuwa na amri ya kumkirimu jirani. Mji wetu wa kale una nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mtoto mchanga, mgonjwa, mwanafunzi wa mtihani, mfiwa aliye katika matanga, wote wanaingiziwa arusi yako chumbani bila ya idhini. Mwenye arusi apite nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, aseme saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na sinia ya halua iwatangulie. Ikifika saa hiyo, azime. Jirani aliyepewa ahadi ikatimizwa ndiye atakayekuombea dua maarusi wako.

Basi mwenye kujiandaa kuozesha msimu huu, kabla hujalipa arubuni ya mtu yeyote, kaa na mama watoto na biarusi mwenyewe mhesabu ni nani watakaokuja: wazee wangapi, watoto wangapi, wenye maradhi, wageni wa dini nyengine, na masikini wa mtaa ambao hawakutiwa katika orodha. Baada ya hapo ndipo mchague vinywaji na ngoma, na mtaona kuwa nusu ya magomvi yamejimaliza yenyewe. Nami, kwa kuwa nimezowea kulipwa halua kwa beti zangu, huu nautoa bure:

Mzazi wa biarusi, lishike langu shauri,
Usizidishe kiasi, kwa kutafuta fahari,
Ukwaju hauna tusi, na tari halina shari,
Jirani mpe nafasi, ndipo arusi ya kheri.